Kontena ya Symfony haibahatishi maandishi wala namba

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini klasi yako ya kutuma SMS ilifanya kazi ilipohitaji LoggerInterface (huduma ya kuandika kumbukumbu) pekee, kisha ikagoma mara ulipoongeza hoja $jinaLaMtumaji ya aina ya string (maandishi) kwenye konstrakta. Kontena, yaani sehemu ya Symfony (mfumo wa kuundia programu za PHP) inayotengeneza vitu ambavyo klasi zako zinahitaji, huunganisha huduma kwa kutazama aina ya kila hoja. Ikikuta LoggerInterface inajua ilete huduma ipi, lakini string inaweza kuwa neno lolote, kwa hiyo inakataa kubahatisha na inakutaka uitaje thamani hiyo wewe mwenyewe.

Katika services.yaml, faili la mipangilio ya huduma, andika jina kamili la klasi yako, chini yake arguments, halafu $jinaLaMtumaji: '%env(SMS_SENDER)%', yaani thamani isomwe kutoka kigezo cha mazingira SMS_SENDER. Taja hoja kwa jina wala si kwa nafasi yake, ili siku utakapopanga upya konstrakta pasiharibike kitu. Hoja nyingine usiziguse, kwani autowire: true (kuunganisha kiotomatiki) iliyo chini ya _defaults, mipangilio ya jumla ya faili hilo, itaendelea kuzijaza. Ikiwa hoja ni int (namba kamili), andika %env(int:SMS_TIMEOUT)%, maana thamani za mazingira huja zikiwa maandishi.

Lililonipotezea mimi karibu siku nzima ni mpangilio wa mistari. Nilikuwa nimeweka maelezo ya huduma yangu juu ya sehemu ya App\: inayosajili klasi zote za folda ya src, na kosa likabaki lilelile neno kwa neno, ingawa nilifuta kashe mara kadhaa na hata kubadili jina la hoja. Kumbe maelezo yanayokuja baadaye huchukua nafasi ya yale yaliyotangulia, na App\: ilikuwa ikiisajili klasi yangu upya bila thamani niliyoipa. (Maoni yaliyomo ndani ya faili lenyewe yanaeleza hivyo, nilikuwa nimeyaruka.) Shusha maelezo yako chini ya sehemu hiyo.

Thamani inayohitajika na klasi nyingi inaweza kuwekwa mara moja kwenye bind, chini ya _defaults, tangu toleo la 3.4, ingawa haivuki faili hilo. Mimi huitumia kwa uchache, kwa sababu anayesoma klasi haoni thamani inatoka wapi. Kwa klasi moja kama yako, na ikiwa uko toleo la 6.3 au la juu zaidi, ningeandika #[Autowire(env: 'SMS_SENDER')] juu ya hoja yenyewe na kuiacha services.yaml kama ilivyo.