Ndimu Si Moto

Mwanangu,

Umeniuliza kama ndimu inaua minyoo kwenye samaki mbichi, maana wenzako wa ofisini huko Nairobi wanakupeleka kula sushi na kukwambia ukikamulia ndimu imetosha. Haiui. Ndimu hugeuza nyama ikawa nyeupe ukadhani imeiva, na mnyoo yumo ndani, mzima. Samaki ni moto, nimewaimbia tangu mkiwa wadogo.

Ila ukinitajia minyoo ya samaki unanirudisha ufuoni Dunga, kule Kisumu, nilikokuwa nauza omena. Yule mteja wa omena unamkumbuka, ulikuwa umekalia debe. Omena wametoka ziwani wabichi, akachagua mmoja mwenye tumbo limevimba, akalipasua kwa ukucha. Ukatoka utepe mweupe unajikunjakunja. "Huyu mama anauza minyoo!" Foleni yangu yote ikahamia kwa jirani, ambaye omena wake tuliwatoa mtumbwi mmoja! Sawa, kushtuka ni haki yake, hata mimi ningeshtuka. Lakini kupiga kelele vile? Na ule mnyoo, Ligula, wala hautafuti mtu. Unangoja ndege wa ziwani ammeze samaki, ukomae tumboni mwake. Nani angenisikiliza siku hiyo? Jioni tukawakaanga wale omena, baba yenu akaongeza ugali mara mbili.

Wanaokuhusu wewe ni wengine. Kuna Anisakis wa samaki wa baharini, akiingia anauma ukuta wa tumbo na unaweza kutapika usiku huohuo. Kuna na tegu wa samaki wa maji baridi wa nchi za mbali, anayeweza kufika mita 10 utumboni. Dada yako, na yeye kasomea, anasema baridi pia inawaua: nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Friza ya nyumbani mara nyingi haifiki hapo.

Sasa ule au usile? Una mshahara wako, sikukatazi. Wajapani wanakula na wanazeeka vizuri tu. Lakini Wajapani nao... aa, niache. Samaki ni moto. Muulize mpishi huyo samaki aligandishwa siku ngapi, na akijisifu kwamba ameshuka kwenye ndege asubuhi ya leo, hajagusa friza, wewe agiza kuku.

Mama yako