Virusi Vimeondoka, Tumbo Bado Halijatulia

Homa imeshuka, kutapika kumekoma, na bado wiki ya tatu mtu akila vijiko vinne vya wali tumbo limejaa, au akinywa chai ya maziwa anakimbilia choo. Hapa Mombasa jawabu la haraka huwa moja: ni amiba hiyo, kanunue Flagyl. Tunakuomba usifanye hivyo kabla ya kupima choo. Dawa iliyomo humo, metronidazole, haiui virusi. Yenyewe huleta kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni, tena huvuruga bakteria wazuri wa utumbo ambao ndio kwanza wanaanza kurudi. Mgonjwa humaliza dozi, akazidi kuumwa, akaongezwa nyingine.

Anza na maziwa, kwa sababu ndiyo yanayosumbua wengi na hayahitaji kipimo cha hospitali. Virusi kama norovirus na rotavirus hushambulia ngozi ya ndani ya utumbo mwembamba, pale panapotengenezwa laktasi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa. Ngozi hujijenga upya, lakini laktasi huchelewa kurudi, mara nyingi wiki 2 hadi 4, kwa wengine zaidi. Sukari isiyovunjwa huteremka mpaka utumbo mpana, bakteria wakaichachusha, gesi ikajaa na choo kikawa maji. Dalili huanza kati ya nusu saa na saa mbili baada ya kunywa.

Acha maziwa kabisa kwa siku 14: chai ya maziwa, faluda, aiskrimu, maziwa ya unga. Kunywa chai ya mkandaa. Tumbo likitulia, rudi kwa mtindi kwanza, maana bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya ile sukari. Halafu jaribu robo kikombe cha maziwa pamoja na chakula kwa siku mbili, kisha nusu, kisha kikombe kizima, ambacho kina takriban gramu 12 za laktosi. Likivurugika, rudi hatua moja nyuma na usubiri wiki mbili nyingine. Mtoto anayenyonya haachishwi ziwa kwa sababu hii.

Tui la nazi halina laktosi hata chembe. Tatizo lake ni mafuta, na hapo tunaingia kwenye shida ya pili: tumbo zito. Virusi vinaweza kusumbua neva zinazoliendesha tumbo, chakula kikakaa ndani saa nyingi. Mtu hushiba upesi, huona kichefuchefu, pengine hucheua alichokula asubuhi. Mafuta na makapi hukichelewesha zaidi. Kwa hiyo gawa chakula mara 5 au 6 kwa siku, kila mlo usizidi kikombe kimoja hivi: mashendea, viazi vya kuponda, samaki wa kuchemsha, supu iliyoenguliwa mafuta. Ukitamani samaki wa kupaka, weka kasimile kando na upike kwa tui la pili, lile jepesi. Biriani, viazi karai na bhajia zingoje. Baada ya kula usilale kwa saa mbili au tatu; tembea polepole hata kama ni kuzunguka nyumba. Muguka na miraa, tuseme wazi, huchelewesha tumbo kumwaga chakula, hukata hamu ya kula na hufunga choo. Anayetafuna kila jioni asitarajie lishe peke yake imponyeshe.

Kuna wanaopata kiungulia baada ya chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, na hapa Mombasa tumeifahamu vizuri tangu mlipuko wa mwaka 2017 na 2018. Maumivu ya viungo huweza kudumu miezi, mtu akawa anameza diclofenac au ibuprofen kila siku, mara nyingi tumbo tupu. Dawa hizo hukwangua ukuta wa tumbo na zinaweza kutoboa vidonda. Kama homa yenyewe huenda ilikuwa dengi, zina hatari ya kuvujisha damu pia. Paracetamol ni salama zaidi kwa tumbo: kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24.

Choo kikiwa leo maji kesho kigumu, pamoja na gesi na msokoto unaopungua ukishajisaidia, utumbo umebaki mwepesi kushtuka. Huenda hali hiyo ikachukua miezi. Punguza kwa zamu vitu vinavyochachuka: mbaazi, kunde, kabeji, vitunguu, maembe. Kimoja kimoja, siku tatu kila kimoja, la sivyo hutajua mkosaji ni nani. Mbaazi ziloweke usiku kucha, mwaga maji, chemsha, mwaga tena, ndipo utie nazi. Anza na nusu kikombe. Isabgol, yaani maganda ya mbegu za psyllium, husaidia pande zote mbili, choo laini na choo kigumu: kijiko kimoja cha chai katika glasi ya maji, unywe papo hapo kabla haijaganda, na glasi nyingine juu yake. Ukianza na vijiko vitatu, gesi itakutesa bure.

Ukiharisha tena, kunywa ORS, ile chumvi na sukari ya pakiti inayorudisha maji mwilini, na usome kwenye pakiti inataka nusu lita au lita moja. Pakiti ikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Madafu yana potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, kwa hiyo yasiwe badala ya ORS.

Mwezi wa Ramadhani, aliye mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Anayefunga afuturu kwa tende moja na uji mwepesi, aswali, ndipo ale kidogo. Kaimati na sambusa juu ya tumbo zito humkosesha usingizi mpaka daku.

Usikae nyumbani ukiona damu au choo cheusi kama lami, macho ya manjano, homa iliyorudi, kupungua uzito, kuharisha kunakokuamsha usiku, au kuharisha kulikopita siku 14. Nenda na orodha ya dawa zote ulizomeza. Choo cha kupima amiba kifike maabara kikiwa bado kipya, ndani ya nusu saa ikiwezekana. Ukiandikiwa kipimo cha choo cha H. pylori, bakteria anayeleta vidonda vya tumbo, muulize daktari kuhusu kuacha omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, wiki mbili kabla, na ukiwa umetumia antibiotiki subiri wiki nne, kwani zote mbili huweza kuficha bakteria huyo majibu yakatoka safi na kumbe bado yumo.