Amri ya saa moja na neno "shahidi"

Ninyi mnaoingia kazi ya kuchuja maudhui ya Kiswahili mitandaoni, kitu cha kwanza mtakachotishiwa nacho ni saa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2021/784, iliyoanza kutumika tarehe 7 Juni 2022, inataka maudhui ya kigaidi yaondolewe ndani ya saa 1 tangu mtandao upokee amri ya mamlaka ya nchi mwanachama. Kampuni ikifanya mazoea ya kukaidi, faini inaweza kufika asilimia 4 ya mapato yake ya dunia nzima. Sasa mtaelewa kwa nini kiongozi wa zamu hatulii.

Saa hiyo ni ya amri ya mamlaka. Posti iliyoripotiwa na mtumiaji wa kawaida haiko chini yake. Mimi sikulijua hilo, nikawa nafuta kila kinachoingia kwenye foleni kana kwamba nyumba inaungua. Siku moja nikafuta habari ya kesi ya shamba, kisa programu imelipiga rangi nyekundu neno "shahidi". Kwa Kiarabu, na hata kwetu misikitini, huyo aweza kuwa mtu aliyekufa kwa ajili ya dini. Mahakamani ni jirani aliyekuja kueleza mpaka ulipopita! Aliyeandika akakata rufaa, posti ikarudishwa, nami nikaitwa ofisini. Nilistahili.

Basi someni sentensi nzima, na mazungumzo yaliyoitangulia. Chukueni "madoadoa". Kwenye tangazo la sabuni ni uchafu wa nguo. Mtu akitamka jukwaani Bonde la Ufa wakati wa kampeni kwamba yaondolewe, wasikilizaji wanajua anamaanisha majirani wa kabila jingine, na ndiyo sababu tume ya uwiano ya Kenya, NCIC, ililiweka neno hilo kwenye orodha yake ya maneno ya chuki mwaka 2022.

Msije mkaidharau haraka yenyewe, lakini. Tarehe 15 Machi 2019 muuaji wa Christchurch, New Zealand, alirusha shambulio lake la misikitini moja kwa moja kwenye Facebook kwa dakika 17. Waliotazama wakati ule hawakufika 200, ila katika saa 24 zilizofuata Facebook iliondoa nakala milioni 1.5 za video hiyo.

Sheria yenyewe isomeni, msitosheke na muhtasari wa mafunzo. Ibara ya 1 inaziacha nje kazi za elimu, habari, sanaa na utafiti. Ibara ya 6 inataka kilichoondolewa kihifadhiwe miezi 6, kwa ajili ya rufaa na uchunguzi. Mwaka 2017 YouTube ilifuta maelfu ya video za vita vya Syria ambazo wanaharakati walikuwa wakizitunza kama ushahidi wa uhalifu. Kwa hiyo andikeni sababu inayoeleweka kila mnapofuta. "Ugaidi" peke yake haimsaidii atakayefungua faili miezi 5 baadaye, naye haijui hata lugha.

Na video za mauaji, mjikinge nazo: zima sauti, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, punguza dirisha. Hedifoni nilizopewa siku ya kwanza, tangu wiki ya pili nazivaa tu pale uamuzi unapotegemea maneno yanayosemwa.