Waliofufua Makunda ni Wahindi

Wapo wanaosema hospitali ya Makunda, kule jimbo la Assam nchini India, ilifufuliwa na Wazungu waliorudi. Hapana ndugu, si wao. Wao waliianzisha, 1950, Wabaptisti wa Marekani, na wagonjwa wa ukoma walikuwa sehemu kubwa ya kazi yao. Walipoondoka miaka ya 1980 ilidorora mpaka ikafungwa, majengo yakabaki porini.

Iliyoichukua ni Emmanuel Hospital Association, jumuiya ya Kihindi yenye makao yake New Delhi. Mwaka 1993 wakaenda kuishi pale mume na mke, wote madaktari: Vijay Anand Ismavel, bingwa wa upasuaji wa watoto, na Ann Miriam, daktari wa usingizi. Walikaa zaidi ya miaka 25, na kwangu hilo ndilo jibu la nini kiliifufua. Daktari bingwa kukubali kulea watoto wake kijijini, mpakani na majimbo ya Tripura na Mizoram, ni jambo zito kuliko msaada wowote wa fedha. Bei nazo waliziweka chini ili maskini waje, na kwa kuwa walikuja wengi, mapato yakatosha kuendesha hospitali na kuipanua. Ismavel mwenyewe ameyaandika haya.

Ila ukitafuta habari za hospitali hiyo, angalia: nyingi zinasema wilaya ya Karimganj. Ni palepale, tangu 2024 wilaya inaitwa Sribhumi.