Maswali ya Wasomaji: Kupiga Kambi Kando ya Ziwa Kivu

Kiangazi kinapokaribia, barua zinazotufikia kutoka mji wetu wa Bukavu, kusini mwa ziwa, mashariki mwa Kongo, na kandokando yake huuliza sana habari za kulala nje, penye maji na chini ya milima. Tumechagua tano, tukazifupisha, na majibu yake ni haya.

*Mheshimiwa Mhariri, salamu nyingi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kadutu. Mwezi wa saba ningependa kuwapeleka wanafunzi wa darasa la sita wakapige kambi kwa siku mbili kando ya ziwa, mbele kidogo ya Katana. Nimekwisha kupaona mahali pazuri sana: uwanja wa nyasi ulio tambarare, kijito cha maji safi kikiingia ziwani, na mikaratusi mirefu ya kutupa kivuli. Mwenye shamba amekubali. Je, mahali hapo panafaa? Na tununue mahema ya aina gani?*

Mwalimu mpendwa, swali la mahema nitalijibu kwa ufupi na la mahali kwa urefu, kwa sababu hema duni lililosimamishwa panapofaa huwalinda watoto kuliko hema la bei kubwa lililowekwa kwenye njia ya maji.

Uwanja huo haukuwa tambarare hivi hivi. Umejengwa na kijito chenyewe, kwa mchanga, udongo na mawe ambayo kimekuwa kikiyashusha kutoka milimani tangu zamani. Ufuko wetu wa magharibi unapanda kwa ghafula: uso wa ziwa uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Kahuzi, ambacho siku ya mbingu safi mtakiona mkiwa palepale, kina mita 3,308. Kwa hiyo ardhi tambarare kando ya maji ni adimu, na nyingi kati ya hiyo iliyopo ni mzigo uliotuliwa na mito. Watu hujenga hapo kwa kuwa hawana pengine, na wasomaji wetu hawajasahau yaliyotokea tarehe 4 Mei 2023 katika teritware (yaani wilaya) ya Kalehe, mvua kubwa ilipoijaza mito ya milimani na maji yenye matope na mawe yakavifunika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Waliokufa walizidi 400, na wengi hawakuonekana tena.

Utanijibu kwamba Mei ni masika na Julai ni kiangazi. Ni kweli kwamba kuanzia Juni hadi Agosti mvua hupungua sana, nawe umechagua wakati mzuri kuliko wote. Hata hivyo mvua moja ya mlimani inatosha, nayo inaweza kunyesha huko juu huku ninyi chini mkihesabu nyota. Kabla ya kuamua, rudi mahali hapo mchana na ukague ardhi bila haraka. Ukiona mawe ya mviringo makubwa kama sufuria yametapakaa kwenye nyasi, au takataka kavu zimenaswa kwenye matawi ya vichaka, au mfereji wa zamani ulioota majani, ujue kwamba maji hupita hapo. Kisha umtafute mama mzee anayelima jirani, umwulize maji yalifika wapi mwaka ule yalipozidi kabisa. Mwenye shamba anaweza kuwa na sababu ya kukusifia shamba lake. Yule mama hana.

Mahema yawekwe pembeni, kwenye mwinuko mdogo ulio mbali na kijito na juu ya alama ya mawimbi, mahali penye mteremko hafifu ili maji yasituame. Watoto walale vichwa vikielekea upande wa juu. Kijito kibaki mahali pa kuchotea maji tu. Kuhusu mikaratusi, kaeni kivulini mwake mchana mkipenda, ila msilale chini yake, kwa sababu mti huo huangusha matawi mazito hata siku isiyo na upepo mkali.

Jambo jingine ambalo wageni wa ziwa hawalifikirii ni upepo. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea mlimani. Jua likizama mambo hugeuka, na hewa baridi huteremka mabondeni kuelekea ziwani. Jiko la jioni liwekwe basi upande wa ziwa kuliko mahema, na moshi utakwenda majini. Hewa hiyo baridi hukusanyika kwenye mabonde madogo na mashimo, na anayelala humo huamka amelowa umande na meno yanagongana, ilhali mwenzake aliyelala hatua chache juu yake amepumzika vizuri.

Sasa mahema: yawe na paa la tabaka mbili na sakafu iliyoshonwa pamoja na kuta. Yasipokuwa na tabaka la pili, funga turubai juu yake bila kuligusa hema. Chini tandikeni majani makavu ya migomba, kisha mikeka. Baridi inayowasumbua watoto usiku hutoka ardhini zaidi kuliko angani, na blanketi moja chini ya mgongo lina faida kuliko mawili juu ya kifua.

Ruhusa ya mwenye shamba haitoshi. Chefu wa kijiji ajulishwe mapema, na kwa maandishi, awe na majina ya walimu na idadi ya watoto. Msipande mlimani na kuingia katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega bila idhini; hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kutiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1980, ina kituo chake Tshivanga, na huko ndiko mipango ya kuitembelea hufanywa. Ama habari za usalama, gazeti haliwezi kukujibu, kwa kuwa hali ya barabara hubadilika kati ya siku tunayoandika na siku unayosoma. Waulize wanaoipita kila siku, yaani madereva na akina mama wa soko, asubuhi ileile ya safari. Wakisita, ahirisha. Watoto nao waambiwe waziwazi kwamba kitu chochote cha chuma wasichokijua hakiokotwi wala kupigwa teke.

*Mhariri, mimi ni mama wa Nguba. Mwanangu ameomba kwenda kambi na wenzake wa parokia, lakini nasikia ziwa letu limejaa gesi inayoweza kulipuka. Je, moto wa kambi hauwezi kuliwasha? Shemeji zangu wa Goma nao wanasema mazuku huua watu usingizini.*

Mama, hofu yako ina vitu viwili ndani yake, na vinafaa kutenganishwa.

Gesi ya ziwa ni ya kweli. Kivu lina kina cha mita zipatazo 485, na katika maji yake ya chini mmeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani. Sehemu kubwa ya gesi hiyo iko chini ya mita 250, imekandamizwa na uzito wa maji ya juu, nayo maji ya chini, yenye chumvi nyingi zaidi, hayachanganyiki kwa urahisi na yaliyo juu yake. Methani kidogo inayopanda huliwa na bakteria kabla ya kufika juu. Ndiyo sababu wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, huwasha taa zao juu ya maji hayo usiku baada ya usiku bila kuliunguza ziwa, na moto wa kijana wako wa kuchomea mahindi hautafanya zaidi ya taa zao. Wataalamu hulichunguza ziwa hili kwa sababu ya yaliyotokea Ziwa Nyos, nchini Kameruni, ambako mwezi wa Agosti 1986 gesi ilitoka kwa ghafula na kuua watu wapatao 1,700. Hatari ya namna hiyo ni ya ziwa zima na ya miji yake yote. Aliyelala Nguba hana kinga kuliko aliyelala kambini, kwa hiyo haiwezi kuwa sababu ya kumzuia kijana.

Mazuku ni jambo tofauti, na hapo shemeji zako wanasema kweli. Hiyo ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, hasa katika nchi ya volkeno iliyo kaskazini mwa ziwa, kuanzia Goma kuelekea Sake. Ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hivi, kwa hiyo hutuama mashimoni na mabondeni, na huzidi usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Haina rangi. Mtu mzima aliyesimama anaweza asihisi chochote mahali ambapo mtoto aliyelala chini anakosa pumzi, na kupiga kambi ni kulala chini. Akikualika mtu kupiga kambi upande wa Goma, uliza kwanza kama wenyeji wanajua mazuku karibu na hapo, na usikubali shimo, handaki la lava wala bonde lililofungwa pande zote, hata kama ni pazuri kiasi gani. Ndege, panya au wadudu waliokufa pamoja mahali pamoja ni onyo la kuondoka mara moja. Wengine hupima kwa kuteremsha mshumaa uone kama unazimika. Mimi sishauri, maana mshumaa unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo hewa imekwisha kuharibika. Kama mwenzako ameanguka ndani ya shimo la namna hiyo, usishuke kumfuata. Wengi wamekufa kwa kumfuata wa kwanza.

Upande wetu wa kusini habari hizo ni chache, ila karibu na Katana kuna chemchemi za maji moto, na mabonde yanayozizunguka yaachwe vilevile. Mwalimu wa Kadutu naye asome hapa.

*Sisi ni vijana wa Bagira. Usiku wa ziwani ni baridi sana. Je, tunaweza kuingiza mbabula, yaani jiko, yenye makala (makaa) ndani ya hema, tuitoe kabla ya kusinzia?*

Hapana, ndugu zangu. Makala hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala moshi, na hata makaa yaliyofunikwa majivu huendelea kuitoa. Mtu huhisi uzito wa kichwa na usingizi, akadhani amechoka, na hiyo nia ya kuitoa mbabula kabla ya kusinzia ndiyo inayopotea kwanza. Chemsheni maji, mtie katika chupa ngumu iliyofungwa vizuri, mwizungushie soksi, mlale nayo miguuni.

*Kwaya yetu inataka kupiga kambi wikendi ya Pasaka. Tuna mahema mazuri. Kuna ubaya gani?*

Ubaya ni majira. Pasaka kwetu huangukia katikati ya mvua, na milima ya mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi mara nyingi kuliko zote duniani. Najua kwamba mitaani kwetu radi ikimpiga mtu hutafutwa jirani wa kulaumiwa. Jirani huyo mara nyingi hana kosa lolote, ila marehemu alikuwa juu ya kilima au ndani ya mtumbwi.

Mkiamua kwenda, mjue kwamba hema halizuii radi hata kidogo. Pawepo karibu jengo imara, kanisa au shule, au gari lenye paa la chuma, na mkisikia ngurumo ya kwanza mwende huko wote, aliye majini akiwa wa kwanza kutoka. Msirudi hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Msikimbilie mti uliosimama peke yake, wala msikusanyike pamoja uwanjani mkishikana mikono kwa sala. Hesabu ya sekunde kati ya mwanga na sauti, ambayo kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi, hufaa kujua kama mvua inakuja au inakwenda, lakini haifai kuamua kama mmalizie wimbo.

Kama mtapita majini kwenda kisiwa cha Idjwi au kwingineko, kila mwanakwaya avae jaketi la kuokolea tangu gatini. Mashua iliyozama mbele ya gati la Kituku, Goma, Oktoba 2024, ilikuwa imekwisha kufika mahali ambapo watu wa nchi kavu waliiona.

*Mzee wetu wa safu, maji ya ziwa tunaweza kuyanywa tukiyachemsha? Na kwa nini maharage yetu yalikataa kuiva kambini?*

Maji yachemshwe hadi yatokote kabisa kwa dakika moja au zaidi, nayo yatafaa. Bila hivyo msiyaguse, kwani kipindupindu hakijaondoka katika vijiji vya ufukoni. Choo kichimbwe mbali na ufuko na mbali na kijito, upande wa chini wa mahali mnapochota. Kuogelea si vibaya, na Kivu halina mamba kama Tanganyika, ila mahali pengi ukingo hukatika ghafula: hatua moja maji yako kiunoni, ya pili hupati chini. Wasiojua kuogelea wasipite kamba mtakayoifunga.

Maharage hayana kosa. Kwenye kimo chetu maji hutokota yakiwa na joto la nyuzi 95 hivi badala ya 100, na kuongeza kuni hakuyapandishi tena, hupunguza maji tu. Nyumbani mama zenu huyapikia asubuhi nzima juu ya mbabula, jambo ambalo kambini hakuna mwenye subira nalo. Yapikeni nyumbani hadi yaive nusu, au mchukue sombe (majani ya muhogo) iliyokwisha kutwangwa, na samaki mnunue huko huko alfajiri, wavuvi wanaporudi na sambaza.