Mbwa wa Katuni Anateleza: Arekebishe Wapi?

SWALI: Binti yangu wa kidato cha pili anachora mbwa kwenye daftari, akifunua kurasa harakaharaka wanakimbia. Ila mbwa wanatetemeka, na miguu inateleza kama wako kwenye tope la masika. Anamtaja sana Retta Scott. Ni nani huyo, na mwanangu arekebishe wapi? – Mama wa Mwanjelwa, Mbeya

JIBU: Mama, binti amechagua mwalimu mzuri. Retta Scott alizaliwa Omak, jimbo la Washington, Marekani, mwaka 1916, akaajiriwa Disney 1938. Enzi hizo wanawake wengi wa studio hiyo walikuwa idara ya wino na rangi, wakinakili michoro ya wanaume. Yeye aliingia idara ya hadithi, na michoro yake ya mbwa wa kuwinda wa filamu ya Bambi ikawafanya wakubwa wamkabidhi awachoree mwendo mwenyewe. Filamu ilipotoka 1942 akawa mwanamke wa kwanza Disney kuandikwa jina kama mchoraji wa mwendo. (Lillian Friedman alikwisha kuifanya kazi hiyo Fleischer, studio nyingine ya katuni, miaka ya 1930, naye asisahaulike.)

Kutetemeka kunatokana na karatasi kuhamahama, si mkono wa binti. Atoboe karatasi za A4 kwa panchi ya ofisini: matundu ya milimita 6, yaliyoachana sentimita 8. Seremala amgandishie vijiti viwili vya unene huohuo ubaoni, kila karatasi ivishwe hapo. Tundu likilegea, abandike selotepu atoboe upya.

Kuteleza ni kosa la unyayo. Mbwa akivuka ukurasa, unyayo uliokanyaga ubaki palepale mpaka unyanyuke. Akikimbia mahali pamoja, urudi nyuma kwa kipimo kilekile, tuseme sentimita 1 kila mchoro, na majani ya nyuma yake yarudi vivyo hivyo.

Halafu aanze na mgongo, miguu baadaye. Achore kwanza picha kuu mbili: mgongo umepinda, miguu imekusanyika chini ya tumbo, kisha mwili umenyooka, miguu imetupwa mbele na nyuma. Mbwa wa mbio akikimbia kwa kasi yote, nyakati zote hizo mbili yuko hewani. Ndipo ajaze picha za kati, akipima kifua kwa rula, la sivyo mbwa atavimba na kusinyaa.

Sinema huenda picha 24 kwa sekunde. Kila mchoro ukipigwa picha mara mbili, sekunde moja ni michoro 12. Rimu ya karatasi 500 inampa sekunde 41 hivi. Apige kwa simu iliyofungwa kwenye stendi, usiku, chini ya balbu moja. Mchana wa Mbeya mawingu hupita na kurudi, na picha zitang'aa na kufifia.