Kuwaelekeza wafanyakazi wapya kwa mazoezi ya kuigiza: wachanganye, na mhudumu asiachwe

Sista, umeuliza kama hospitali isiyo na pesa za sanamu za mafunzo inaweza kuwaelekeza wafanyakazi wapya kwa mazoezi ya kuigiza, na kama madaktari wafanye kando na wauguzi. La kwanza linawezekana. La pili, wachanganye, na usimwache nje mhudumu wa wodi wala mtu wa maabara.

Mimi ni muuguzi wa leba hapa Nairobi. Kwetu wapya huanza na zoezi la mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Muuguzi mmoja hulala kitandani, na chini ya leso tunaficha mfuko wa dripu wenye maji yaliyotiwa rangi nyekundu ya keki. Gharama ni hiyo tu. Kuna siku daktari wa intanishipu alipaza sauti, "Damu iletwe!" Watu wakatazamana, hakuna aliyetoka. Mhudumu, ambaye nadhani wengi walimwona wa kusukuma kitanda tu, ndiye aliyesema: "Daktari, nikienda benki ya damu bila sampuli yenye jina na nambari ya mgonjwa, wananirudisha." Hilo hulipati kwenye kijitabu cha kuwakaribisha wageni. Siku hizi tunasisitiza: mtaje mtu kwa jina, arudie alichoagizwa, na akimaliza aseme.

Mkubwa wako akitaka ushahidi, mwonyeshe utafiti wa E-MOTIVE wa 2023, uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Kiasi cha damu aliyovuja mama baada ya kujifungua kilipimwa mapema, kisha kusugua mji wa uzazi, dawa za kuukaza, asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja damu), dripu na kumkagua mama vikafanywa kwa mpigo. Madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60. Kwa mpigo ni mikono mingi, ya kada tofauti, ndiyo maana sioni faida ya kuwatenga.

Fanyieni wodini, si ukumbini. Chupa za mazoezi ziwekeni alama na mzihesabu kabla ya kuondoka. Dawa bandia ikisahaulika kwenye trei ya dharura, hiyo ni hatari ya kweli. Halafu kaeni mjadiliane kwa muda mrefu kuliko zoezi lenyewe, aanze wa cheo cha chini. Daktari bingwa akitangulia, wengine watanyamaza.

Zamu ya usiku nayo ipate lake. Saa tisa usiku maswali ni mengine kabisa: ufunguo wa stoo ya dawa uko kwa nani, na lifti ikigoma, mama atafikishwaje thieta.